Mstari wa Pili wa Grafu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vyombo vya sauti pale chuoni Bukoba nilivaa viatu vya kanisani. Mama yangu, mkulima wa migomba na kahawa kule Kashozi, alikuwa ameshikilia kwamba mtu haendi kuanza kazi na ndala. Kabla ya chai ya asubuhi tone la risasi ya kulehemu iliyoyeyuka lilikuwa limeshatoboa kiatu cha kushoto, nami nilikuwa nimeruka kama senene. Mwalimu Hamidu, mkuu wa karakana, hakuinua hata uso kutoka mezani kwake.

"Binti, hapa haturuki," alisema. "Hapa tunapima."

Hamidu alizaliwa hapahapa mjini. Babu yake alitoka Tanga na biashara ya vitambaa, akaoa, akasahau kurudi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia safi kila siku ya Mungu, na hakuliamini sikio lake, jambo lililonishangaza sana kwa mtu anayefundisha sauti. Alisema sikio ni shahidi mzuri ila linapenda kuwafurahisha watu. Alichokiamini ni oskiloskopu, ile mashine yenye kioo inayokuchorea umeme kama wimbi. Tulikuwa nayo moja tu, nzito kama ndama, na ilihitaji kupashwa moto kabla ya kusema ukweli. Nimefanya kazi na watu wengi wa namna hiyo.

Mwaka ule wa kwanza nilimwuliza fezi ni nini. Mimi nilijua fezi za umeme wa mashine ya kusaga, fezi moja na fezi tatu, basi. Hakucheka. Alinitoa nje, akamwita mwanafunzi mmoja, akatubebesha ubao mrefu, mimi mbele na mwenzangu nyuma, tupite nao katikati ya migomba iliyopakana na karakana. Kazi ya wa nyuma ilikuwa kunirekebisha. Nikikengeuka kulia aseme "kushoto", nikikengeuka kushoto aseme "kulia". Tulipotembea polepole tulipita vizuri kabisa.

"Sasa kimbieni," Hamidu akasema.

Tukakimbia. Kila "kushoto" ilinifikia nikiwa nimeshajirudisha mwenyewe na nimeanza kuegemea kushoto, kwa hiyo ilinisukuma kushoto zaidi. "Kulia" nayo ikanikuta niko kulia. Tukayumba huku na huku hadi tukaangusha mgomba wa watu. Mwenye kibanja hakupendezwa na somo lile.

"Mmeona?" Hamidu alisema. "Maneno ni yaleyale na sauti ni ileile, kilichobadilika ni kuchelewa tu. Amplifaya nayo ina mtu wa nyuma. Sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ili irekebishe makosa. Masafa, yaani kasi ya mtetemo wa sauti, yakiwa ya chini, marekebisho hufika kwa wakati. Masafa yakipanda, huchelewa. Yakichelewa nusu mzunguko, yule aliyekuwa anaizuia amplifaya sasa anaisukuma, nayo inaanza kuimba bila mwimbaji. Kuchelewa huko ndiko fezi."

Nimefundisha jambo hilo tangu hapo, na sijapata maneno bora. Mbao nimekuwa nikizitumia pia, lakini uwanjani.

Kompyuta zilipotufikia, Hamidu alikuwa ameshastaafu, anakaa Rwamishenye na wajukuu. Ninyi mnaofundisha sasa pale karakana mlizikuta tayari, hivyo hamjui tulivyozipokea. Wengine walidhani zitafuta kazi ya oskiloskopu. Unachora saketi kwenye kioo, unabonyeza, na programu inakuigizia amplifaya nzima bila kuunguza kidole. Mimi nilizipenda tangu siku ya kwanza, na bado nazipenda. Ila niliwaambia wanafunzi wangu wote kwamba programu ni kama mgeni mwenye adabu: itajibu ulichouliza, na haitasema neno juu ya usichouliza.

Mnajua kwamba programu huchora mistari miwili. Wa kwanza unaonyesha ukuzaji, yaani masafa gani yanakuzwa kiasi gani. Ni mstari wa kupendeza, umelala kama meza halafu unateremka ukingoni. Wanafunzi huuchapisha na kuubandika ukutani. Wa pili, ule wa vitone, unaonyesha fezi kwa nyuzi, kama zile za pembe. Huo hakuna anayeubandika popote. Mimi nilifundisha kuanza na huo. Tafuta mahali ambapo nguvu ya mrejesho, ile sauti inayorudishwa mwanzoni, imeshuka hadi kuwa moja, haikuzi wala haipunguzi. Kutoka hapo shuka wima hadi kwenye mstari wa vitone, uangalie zimebaki nyuzi ngapi kabla marekebisho hayajageuka kuwa msukumo. Zilizobaki niliziita akiba. Akiba ya nyuzi sitini inakupa usingizi. Ya nyuzi kumi ni sawa na kuishi na jirani mwenye hasira: leo kimya, kesho hujui.

Makosa niliyoyaona katika kusoma grafu hizo yangejaza kitabu. Kuna kijana aliyepata jibu kwamba amplifaya yake ya betri inatoa volti elfu moja, akaogopa kugusa kibodi. Uigaji wa aina ile haujui betri yako ina nguvu gani, unazidisha tu. Mwingine aliona mstari wa fezi ukidondoka hadi chini kisha ukaruka juu ghafla, akaandika ukurasa mzima juu ya "mlipuko". Hakukuwa na mlipuko. Nafasi ya grafu iliisha chini, kompyuta ikaendelea kuchorea juu. Hayo ni makosa ya kuchekesha. Lile lisilochekesha nililiona Muleba.

Miaka michache kabla sijastaafu alinipigia simu Mwalimu Projestus, wa shule moja ya msingi huko Muleba. Alikuwa na darasa la watoto wenye usikivu hafifu. Si viziwi kabisa. Ni watoto ambao ukipaza sauti karibu nao wanapata kitu, na ukisimama mbali wanapata midomo tu. Wafadhili walikuwa wamewapa amplifaya ya darasa: mwalimu anashika maiki, na kila mtoto anavaa hedifoni iliyounganishwa kwa waya kwenye dawati lake.

"Watoto wanazivua," Projestus alisema. "Nawavisha, nikigeukia ubao wamezivua. Nimejaribu mwenyewe, ziko vizuri. Fundi aliyezifunga kajaribu, ziko vizuri. Afisa elimu kajaribu, ziko vizuri. Sasa anasema watoto ni wakaidi, na wiki ijayo anakuja kuamua. Chombo kitahamishiwa shule nyingine, na darasa litavunjwa, kila mtoto arudi alikotoka."

"Walikotoka ni wapi?"

"Benchi la nyuma," alisema. "Au nyumbani."

Nilikwenda. Darasa lilikuwa safi, limepakwa rangi, na nyaya zilikuwa zimepita chini ya madawati yote kwa unadhifu wa kupigiwa mfano. Nilivaa hedifoni, Projestus akasoma hadithi ya kitabu cha darasa la pili, na sauti yake ilinifikia safi kama yuko mapajani mwangu. Nikawaangalia watoto. Mbele kulikuwa na msichana anayeitwa Asimwe, mdogo, mwenye macho yasiyobanduka midomoni mwa mtu. Alizivaa hedifoni kwa heshima, akavumilia kidogo, akakunja uso, akazivua na kuziweka dawatini taratibu kama mtu anayerudisha sahani ya watu.

"Kwa nini?" nilimwuliza, nikimtazama ili anione mdomo.

"Inachoma," alisema.

Projestus akashusha pumzi. "Kila siku anasema hivyo. Nimezishika, hazina moto."

Mama yake Asimwe alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa na desturi ya kumsubiri mtoto, kwa sababu njiani Asimwe hasikii pikipiki. Alisimama, akaninong'oneza kwa adabu kwanza, kisha adabu ikamwishia.

"Mwalimu, waitu, naomba niulize. Mimi nikimwambia huyu mtoto chungu ni cha moto, anaamini, hagusi. Yeye akiwaambia ninyi kitu kinachoma, mnakwenda kumwuliza fundi. Mtoto wangu ana shida ya masikio. Hana shida ya kusema kweli."

Nikaangalia kitasa cha sauti kwenye amplifaya. Kilikuwa karibu na mwanzo, pale nilipokiweka mimi, kwa raha ya masikio yangu.

"Projestus," nikasema, "watoto hawa wanahitaji kitasa kifike wapi?"

Akaonyesha kwa kidole. Mbali sana na pale.

Niliwaambia watoto wote wavue hedifoni, waziache juu ya madawati zikiwa zimeunganishwa vilevile. Nikafungua oskiloskopu yangu ndogo ya mkononi, nikaiunganisha kwenye mdomo wa amplifaya. Kitasa kikiwa bado pale pa raha yangu, Projestus akasoma, na wimbi likaja safi. Nikazungusha kitasa hadi mahali pa watoto.

"Soma tena."

Akasoma. Mgongo wa kila wimbi ukaota manyoya. Kila sauti yake ilipopanda, kileleni kulizuka mtetemo wa kasi sana, juu mno kuliko sikio lolote linavyoweza kusikia, na mtetemo huo uliichana sauti ya Projestus vipandevipande. Amplifaya ilikuwa inaimba bila mwimbaji, lakini inapopaza tu. Kila mtu mzima aliyeijaribu aliijaribu kwa kipimo cha masikio yake mwenyewe, akaridhika. Waliokuwa wanauonja ugonjwa ni watoto peke yao, na tulikuwa tumewaita wakaidi.

Nilimwonyesha mama yake Asimwe kile kioo. Hakukijua, lakini manyoya aliyaona.

"Hayo ndiyo yanayochoma?"

"Ndiyo hayo."

Akamgeukia binti yake, akamgusa shavu.

Nilibeba amplifaya hadi chuoni Bukoba, nikaifunga kwenye meza yangu na hedifoni moja, nikaifungulia sauti hadi mwisho. Haikuota hata unyoya mmoja. Nikafungua kifuniko, nikafuata kila njia ya saketi, nikaichora kwenye kompyuta nukta kwa nukta, nikaiigiza. Mstari wa kwanza umelala kama meza. Mstari wa pili, akiba ya nyuzi zaidi ya sitini. Waliobuni amplifaya ile walijua kazi yao.

Mwalimu Deus, mkuu wa idara wakati huo, alisimama nyuma yangu akiwa na kikombe cha chai. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa mambo yaishe.

"Mezani salama, kwenye kompyuta salama," alisema. "Wape chombo chao, Ma Leokadia. Watoto watazoea."

"Niliyaona manyoya kwa macho yangu."

"Kompyuta imesema salama."

"Kompyuta imejibu swali la meza hii," nikamwambia. "Mtoto hakai kwenye meza hii."

"Na wewe una darasa Jumatatu."

"Kesho ni Jumamosi."

Nilirudi Muleba na amplifaya, na mita, na kompyuta ya mapajani, na nia ya kutotoka mle darasani kabla sijajua. Projestus alifungua mlango, tukaingia chini ya madawati sisi wawili. Fundi alikuwa ametumia kebo yenye ngozi ya waya nje, ile inayozuia mivumo, chaguo la mtu mwangalifu. Akaizungusha darasa zima, na iliyobaki hakuikata. Aliikunja fungu zuri la mviringo, akalificha nyuma ya kabati.

Kebo ya namna ile, waya mmoja ndani na ngozi ya waya nje, ni kapasita ndefu: hujijaza umeme kwanza, na hivyo huuchelewesha. Kila mita inaongeza kidogo. Mita moja mezani kwangu haikuwa kitu. Darasa zima pamoja na fungu la nyuma ya kabati lilikuwa kitu. Nikapima kutoka upande wa amplifaya, nikapata kipimo chake, nikakiongeza kwenye saketi niliyoichora kompyutani, pale amplifaya inapotoa sauti. Kapasita moja tu. Nikabonyeza.

Mstari wa kwanza haukutikisika. Ulilala kama meza mpaka mwisho wa kusikia kwa binadamu, na mtu aliyefundishwa huo tu angefunga kompyuta akaenda kula ebitoke. Mstari wa pili ulikuwa umevunjika kiuno. Kebo ilikuwa imeongeza kuchelewa kwake juu ya kuchelewa kwa amplifaya, na ile akiba ya usingizi mzuri ilikuwa imeliwa, zimebaki nyuzi chache za jirani mwenye hasira. Kisha nikabadilisha umeme unaopita kwenye transista za mwisho, niuweke kama unavyokuwa sauti ikipanda, na zile chache nazo zikaisha.

"Hapa," nikamwonyesha Projestus. "Hapa ndipo Asimwe alipo."

Aliviinamia vile vitone. "Nimemlazimisha avae," alisema. "Mara nyingi."

"Sasa shika tochi," nikamwambia. "Majuto hayashiki tochi."

Dawa yake ni ya zamani, Hamidu alinifundisha kabla sijajua sababu. Unaweka rezista ndogo kati ya mdomo wa amplifaya na kebo, juu yake unazungusha waya mizunguko michache, halafu unapeleka rezista nyingine na kapasita kwenye ardhi ya saketi. Amplifaya inaacha kuiona kebo kwenye masafa ya juu yasiyosikika, lakini kwenye yale ya chini sauti inapita kama kawaida. Niliijaribu kwanza kwenye kompyuta, nikibadilisha kipimo kimoja kimoja. Mara mbili nilipata mstari wa pili mzuri kwa gharama ya mstari wa kwanza, nikakataa. Sikutaka tuwape watoto amani na kuwanyima herufi za "s" na "f". Mara ya tatu ikakaa. Nikailehemu kando ya dirisha la darasa, ambako kulikuwa na mwanga. Fungu la nyuma ya kabati tukalikata. Tukafungulia sauti ya watoto, Projestus akasoma hadithi yote hadi mwisho, na wimbi likabaki na ngozi laini.

Afisa elimu alifika katikati ya wiki. Nilikuwa nimembadilishia Deus vipindi ili niwepo, na bado ananikumbusha. Afisa alikuwa mtu wa haraka, aliyepanga kuzikagua shule kadhaa siku hiyo. Alikaa nyuma ya darasa, mama yake Asimwe pembeni yake. Watoto walikuwa na hedifoni zao. Projestus alikuwa anaanza imla, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza mvua ikashuka juu ya mabati. Mnaijua mvua ya kwetu. Hainyeshi, inamwagwa.

Hakuna aliyesikia kitu. Afisa alisogeza mdomo kuelekea kwangu, nikaona anasema jambo kuhusu muda. Nikamwinamia.

"Nasema tusitishe!" alipiga kelele sikioni kwangu. "Mwalimu hasikiki!"

Nikamwonyesha watoto.

Walikuwa wameinama wote, wanaandika. Projestus alikuwa amegusisha maiki mdomoni, amewapa mgongo akifuta ubao, hawaoni midomo yake. Akasema sentensi, kalamu zikaenda. Akanyamaza, kalamu zikasimama. Afisa akasimama, akapita taratibu kati ya madawati, akitazama daftari moja, lingine, lingine. Katika nyumba ile, mvua ikipiga, wasiosikia tulikuwa sisi wakubwa. Alifika kwa Asimwe, akasoma mstari wake, akarudi kukaa. Baadaye, mvua ilipopungua, aliuliza kama anaweza kupata mchoro wa dawa ile apeleke kwenye shule nyingine zenye vyombo kama vile. Nilimwambia mchoro atapata, lakini kila darasa lazima kwanza lipimwe kebo yake, kwa kuwa dawa ya chumba kimoja si ya kingine. Akasema nafanya mambo kuwa magumu. Nikasema ndiyo. Darasa halikuvunjwa.

Nimestaafu sasa, niko Nshambya na migomba yangu, na shule mbili zimeshaniita kwenda kulala chini ya madawati yao. Nitaendelea kwenda mpaka magoti yakatae. Ninyi mliobaki karakana, nawaomba mnapofungua grafu mwanzie kwenye vitone, na kabla ya kubonyeza mjiulize huo mwisho wa waya umefika kwa nani.

Lakini nimalizie siku ile ya mvua. Imla ilipokwisha, Projestus alimwita mama yake Asimwe mbele, akampa maiki. Mama alikataa kwa mikono, akasukumwa na macho ya darasa zima, akaishika kama mtu aliyeshikishwa jogoo. Asimwe alikuwa bado ameinama anakoleza herufi zake. Mama yule alikuwa amezoea, maisha yote ya mtoto wake, kumwita kwa kuvuta pumzi na kupaza sauti mpaka majirani wageuke. Akavuta pumzi.

"ASIMWE! IJA, MWANA WANGE!"

Darasa zima liliruka. Asimwe aliinua kichwa, akashika hedifoni kwa mikono miwili, akamtazama mama yake kwa kero tupu.

"Mama," alisema, "usipige kelele. Nasikia."